Kabaila wa Hjulsta

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimeacha kuwa mtu wa kawaida. Nimekuwa kabaila!

Chanzo ni darasa la historia. Tunasoma shule ya watu wazima, mimi na Mama Kahindo wa kwaya. Juzi mwalimu alifundisha ukabaila wa Ulaya ya zamani: bwana ana ardhi, wakulima wanapewa vipande, na siku fulani wanamlimia bwana. Bure! Wakati wa mapumziko nikaenda zangu nyumbani. Nilikuwa nimeshaelewa yote.

Ardhi ninayo. Kiwanja cha bustani hapa Hjulsta, Uswidi, nilichokisubiri kwenye foleni mpaka nikaota mvi. Hospitalini mimi ni yule mtu wa kusukuma vitanda. Bustanini mimi ni Papa Baudouin, na Waswidi wanakuja kuniuliza mchicha wetu, lengalenga, unapikwaje. Lakini mgongo umegoma, na magugu hayana huruma.

Basi nimefunga kamba. Vipande viwili vya pembeni nitawapa watu. Katikati pote pangu, nao watanilimia kila Jumamosi. Olive, mke wangu, anasema nitajuta. Binti yetu Bella kasema, "Pappa, lägg av!" Yaani niache. Siachi.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nimepata watwana wawili. (Usoni sijawaita hivyo.) Mama Kahindo amekubali upesi mno, huku akitabasamu. Mwingine angejiuliza kwa nini. Mimi sikujiuliza.

Wa pili ni Mwaura, Mkenya, fundi wa kompyuta kule Kista. Nilipotaja salongo ya Jumamosi akauliza hiyo ni mnyama gani. Nikamweleza: kwetu Kongo watu wote hutoka kufanya kazi ya pamoja, na mkubwa anasimama. Akauliza, "Sasa huyo mkubwa hufanya nini?" Nikamjibu kwamba anasimama.

Jumamosi, 14 Juni

Salongo ya kwanza. Nimeketi kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani, fimbo mkononi. Raha!

Kumbe nilisahau jambo. Mama Kahindo amekulia Butembo, kwetu Kongo. Salongo aliijua tangu utoto, maana yake alijua kuikwepa. Amefika wa mwisho, akaegemea jembe, akanisalimu kwa heshima kubwa, akauliza habari za mgongo, kisha akaenda kupalilia kipande chake. Mwaura alifanya kazi kweli. Aling'oa lengalenga zangu zote na kuacha magugu! Eti kwao Thika majani hayo hujiotea kando ya barabara.

Saa sita Mama Kahindo akauliza chakula kiko wapi. Chakula gani? Akanieleza mbele ya majirani kwamba ningebaki kipindi cha pili ningejua: siku ya kazi ya bwana, bwana anawalisha wakulima. Tena anawalinda. "Bwana asiyelisha ni mwizi tu, Papa Baudouin."

Mimi si mwizi. Nimekwenda nyumbani kusonga fufu, ugali wetu, na kukaanga samaki. Olive hakunyoosha hata kidole. Nimekula mwisho, mifupa.

Jumatatu, 16 Juni

Sungura wamekula maharage ya Mama Kahindo. Kanipigia simu kazini. Bwana hakulinda!

Nimetoka hospitalini moja kwa moja na kulinda jioni nzima. Sungura mmoja alikaa akinitazama. Sikumwogopa. Naye hakuniogopa.

Olive ameniuliza kama bado sijaona mtwana ni nani. Nimemwambia aheshimu cheo.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya aibu. Aibu yao, si yangu!

Jioni tukiwa wote bustanini, Olive naye, Axel, mwenyekiti wa chama cha bustani, ameona kamba. Kwa sheria ya chama kila mtu alime kiwanja chake mwenyewe. Anayegawia watu kwa malipo, hata malipo ya kazi, ananyang'anywa. Kiwanja changu! Nikikosa hicho, kinachobaki ni kusukuma vitanda.

Hapo watwana wakanitetea. Wasaliti! Mama Kahindo akamwambia Axel, kwa Kiswidi laini, kwamba hakuna aliyegawiwa kitu. Wanamsaidia tu mzee mgonjwa, maskini, hawezi hata kuinama. Mwaura akaongeza, "Tunamhurumia tu." Axel aliniangalia kama mtu anayeangalia jeneza. Akasema ikiwa ni hivyo hakuna tatizo, na pole sana.

Mambo yalikuwa yamekwisha. Nilitakiwa kunyamaza tu. Olive alinifinya mkono mpaka ukauma.

Maskini? Mimi, niliyepewa jina la mfalme wa Wabelgiji? Niliyevuka mpaka kwa miguu, Bella mgongoni? Nikapanda juu ya kiti na kutangaza, kwa Kiswidi changu chote, kwamba sina ugonjwa wowote, mimi ni bwana wa ardhi hii na hawa wawili ni watwana wangu. Kiti kikavunjika.

Axel akaniinua, akanipangusa vumbi. Kisha akasema wakulima wa Uswidi hawakuwahi kuwa watwana, na hawataanza leo kwenye kiwanja namba kumi na nne. Kiwanja kimerudi kwa chama.

Nimelia kidogo chooni. Nalilia ardhi yangu. Maneno yangu siyajutii hata moja.

Jumatano, 25 Juni

Kiwanja kimepewa mtu wa kwanza kwenye foleni. Mama Kahindo! Miaka yote alikuwa akisubiri, na hakunong'ona.

Jioni amekuja na sahani ya sambusa. Amesema mboga zetu zisihamishwe, na kamba zimetolewa zote. Nije tu kumsaidia kupalilia Jumamosi, kama rafiki, na ile sehemu ya pembeni ya uzio nipande nitakacho. Ameshamwambia Axel, naye ameridhika. Olive alimkumbatia akalia. Mimi nilisema asante, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa.

Baadaye nimepita peke yangu kuitazama hiyo sehemu. Ni ndefu! Ndefu kupita haja ya mtu mmoja. Na Mashauri, mwenzangu wa kazini anayekaa Vårby gård, anatafuta pahali pa vitunguu. Nimempigia simu papo hapo. Nusu yake, kwa kazi ya Jumamosi tu. Palizi ya Mama Kahindo ataifanya yeye. Mimi nitasimama karibu nimwonyeshe magugu.