Kuhusu Mlimau Uliotuletea na Nafasi Yangu Humu Ndani

Kwa Mama Mkwe ninayekuheshimu,

Shikamoo Mama. Natumaini magoti yametulia, na kwamba barua hii itakukuta umeketi, maana si ya kusomwa umesimama.

Mimi mkweo, fundi saa, si mtu wa kulalamika. Miaka ishirini na sita ya ndoa na binti yako sijakuandikia ila kwa jambo la heri. Leo yamenifika shingoni. Jambo lenyewe ni ule mlimau wa kwenye chungu uliotuletea binti yako alipostaafu uuguzi. Nakumbuka nia yako. Alikuwa akikaa kitandani kutwa nzima akiutazama ukuta, na ukimuuliza neno anaguna tu. Ukasema apewe kitu cha kuhudumia. Mama, amekihudumia. Sasa nisikilize mimi.

1. Dirisha. Sebule yetu ina dirisha moja tu linalopata jua, na meza yangu ya kazi ilikuwa hapo. Mlimau ulipoingia, nilihamishiwa kando ya jikoni "kwa muda". Huu ni mwezi wa nane. Juzi nimemrudishia mwalimu wa hesabu saa yake nikiwa nimeweka mshale wa dakika mahali pa ule wa saa, kwa sababu ya giza. Amekosa vipindi viwili.

2. Ngazi. Tunakaa ghorofa ya tatu. Binti yako haamini maji ya bomba, kwa hiyo mvua ikianza nauteremsha mti uani, ikikatika naupandisha. Msimu huu ni wa manyunyu, yanakuja na kuondoka. Halafu hukuniambia kwamba mlimau una miiba. Nina mikwaruzo mashavuni. Wateja wananitazama uso, wanamtazama binti yako, kisha wananyamaza.

3. Nyuki. Mlimau ulipotoa maua, binti yako aligundua kwamba ndani ya nyumba hakuna nyuki. Akachukua brashi yangu laini kuliko zote, ile ya kufutia vumbi la saa, akanikabidhi: "Wewe una mkono mwepesi. Pitisha ua kwa ua." Nikapitisha. Mtu wa miaka sitini na miwili, Mama, nimefanya kazi ya mdudu asubuhi nzima, na seremala wa chini akanichungulia mlangoni.

4. Karatasi ya mgonjwa. Amebandika ukutani karatasi kama ya wodini: maji mti uliyokunywa, majani mapya, vitunda vilivyoanguka. Wiki hiyohiyo nikashikwa na homa. Sikuandikwa popote. Majirani walibisha hodi wakauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nikajibu, "Nafuu kidogo, asanteni." Wakanipita, wakaenda dirishani.

5. Maneno. Hapa ndipo panaponiuma. Binti yako siku hizi anaongea. Anauhadithia mti wodi nzima: mapacha waliozaliwa kwenye ngazi, daktari aliyeogopa damu, na wale waliomfia mikononi. Mimi nasikiliza nyuma ya pazia na bisibisi mkononi. Mambo hayo sijawahi kuambiwa hata siku moja. Nilikuwa nikiomba Mungu aongee tena. Nilisahau kutaja aongee na nani.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba uje uuchukue mti wako. Ikishindikana, nichukue mimi. Nami napenda jua, sinywi maji mengi, sina miiba, na ngazi napanda mwenyewe.

Nisalimie Baba Mkwe, mashemeji wote kwa umri wao, na yule jirani yako anayejua habari zetu kabla yetu wenyewe.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Fundi Saa

Nyongeza: Bahasha nimeifungua tena. Binti yako alikwenda kwa dada yake siku nne, akaniachia mti. Siku ya nne majani yakaanza kuwa ya manjano. Kumbe kila nilipopita niliumwagia maji, kwa hofu tu. Nikaketi sakafuni, nikazibua matundu ya chungu, nikamwaga maji yaliyotuama kwenye sahani, nikaanza kuufuta jani mojamoja. Alinikuta hapo hapo, midomo ikinicheza. Akavua viatu, akaketi kando yangu, akaniuliza, "Ulikuwa unauambia nini?"

Nikamwambia ukweli: nilikuwa nauuliza habari zake yeye.

Akaanza kunisimulia, tangu siku yake ya kwanza wodini. Chai ilipoa, tukaipasha, ikapoa tena. Tafadhali Mama, usije kuuchukua. Na ukija, njoo na mchungwa. Dirisha la jikoni nalo linapata jua la jioni.