Hamira Mara Saba

4 Machi, Jumatatu
Ndoo ipo, kimea kipo, hamira pakiti moja ipo. Napika bia yangu mwenyewe. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi bomba na mjuaji wa kila kitu, alisema mbele za watu kwamba sijawahi kumaliza jambo. Anakuja kula mchana Jumapili. Mke naye anaitaka stoo aweke cherehani yake. Tumekubaliana: kaka yake akimaliza glasi ya bia yangu na kuomba ya pili, stoo ni kiwanda changu. Asipoomba, cherehani inaingia. Mke alikubali upesi mno. Sikuupenda upesi ule.

5 Machi, Jumanne
Nimechemsha kimea saa nzima. Jiko lote linanata. Karatasi ya maelekezo inasema hamira pakiti moja, siku kumi na nne. Jumapili ni siku tano! Nikakaa, nikafikiri. Pakiti moja, siku kumi na nne. Pakiti saba, siku mbili. Hesabu ya darasa la nne, sijui walioandika karatasi walisomea wapi. Nimekwenda kwa jirani mwoka mikate kuongeza sita. Akauliza nalisha jeshi gani.

6 Machi, Jumatano
Ndoo inachemka bila moto. Povu limeinua mfuniko, likashuka sakafuni, likamfuata mke hadi sebuleni. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu aliyesema hivyo hakuwa na shemeji. Nimekalia mfuniko tangu saa nne.

7 Machi, Alhamisi
Siku mbili zimetimia. Nimejaza chupa ishirini. Sukari kijiko kimoja kila chupa, kisha cha pili kwa heshima ya mgeni. Vizibo nimevigongelea kwa nyundo. Zote ziko stoo. Mke amehamisha vitambaa vyake vyote kutoka humo. Ameanza kukata tamaa, maskini.

9 Machi, Jumamosi
Chupa zimetulia tuli. Nilimwita mke azione. Akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka mzima hajanisifu hivyo. Nimeguswa, nakiri.

10 Machi, Jumapili
Shemeji alikuwa katikati ya hadithi ya bomba lililomshinda kila fundi isipokuwa yeye. Stoo ikalia pa! Kisha pa nyingine. Yeye, kwa mazoea ya kazi, akakimbia kufunga koki kuu ya maji. Chupa kumi na tisa zimepasuka. Nikamimina ile moja iliyobaki. Akanywa yote. Ana adabu, hilo simnyimi. Machozi yakimlenga, akaomba glasi ya pili. Nilikaribia kumkumbatia. Ya maji, akaongeza. Na maji kayafunga mwenyewe.
Nilimkumbusha mke kwamba makubaliano yetu hayakusema glasi ya nini. Alikwisha kushika upande mmoja wa cherehani, kaka yake upande wa pili. Wakaniomba niwafungulie mlango. Nikafungua. Imeniuma.

11 Machi, Jumatatu
Cherehani inanguruma stoo tangu asubuhi. Mke anaimba. Basi, nimekubali kosa: bia haikuwa fani yangu. Fani yangu ni jibini. Muuza maziwa anasema jibini nzuri hukaa miezi sita. Chini ya kitanda pana nafasi, na mke hana haja ya kusumbuliwa na habari hizi. Nimeshapiga hesabu. Itakuwa tayari Alhamisi.