Mjapani, Mkorea na Swali Langu Moja

Jumamosi, 6 Aprili

Leo naanza shajara hii, na naapa kuandika kila kitu, hata yatakayonitia aibu. Mwalimu wetu wa sayansi anasema mtafiti anayeficha matokeo mabaya si mtafiti, ni mwongo aliyevaa koti jeupe.

Hali ilivyo. Tumehamia nyumba yetu wenyewe. Furaha tupu! Isipokuwa madirisha hayana vioo, mifuko ya saruji imelala sebuleni kama wageni waliokataa kuaga, na shule yangu sasa iko mbali mno. Mabasi mawili. Wiki nzima nimechelewa. Mwalimu wa zamu ameacha kuniuliza sababu. Ananionyesha fagio kwa kidole, basi.

Nyuma ya ukuta wetu kuna shule nyingine. Kengele yake inagonga kana kwamba imefungwa chini ya mto wangu. Haina maabara. Ina kabati lenye kopo la chaki na fuvu la mbuzi; nimechungulia mwenyewe. Jana mezani Baba alitoa hukumu: muhula ujao, ama tutakuwa na gari la kunifikisha shuleni bila kulala njiani, ama nitahamia hapo nyuma ya ukuta. Mimi! Katibu wa klabu ya sayansi!

Gari litanunuliwa, hilo halina ubishi. Ubishi ni gari lipi. Baba anachanga na Mjomba, mdogo wake Mama, ambaye anauza magodoro na atalitumia Jumamosi kupelekea wateja. Baba anataka Mjapani. Anasema spea zake unazipata hata kwa muuza nyanya, hakuna fundi asiyemjua, na ukimchoka unamuuza bila kulia. Mjomba anataka Mkorea. Anasema kwa pesa hizo hizo unapata gari jipya zaidi, kiyoyozi kinapuliza, viti havijachubuka. Akamuuliza Baba kwa nini ang'ang'anie bibi kizee wakati binti yupo. Mama akamwambia apunguze mifano.

Chakula hakikuisha. Mjomba aliondoka bila kuaga na akasahau mwavuli. Mama ni nesi, alikuwa ametoka zamu. Alisema yeye anataka gari ambalo mlango wake unafungwa bila kupigwa teke, akaenda kulala.

Nimeamua. Nitafanya utafiti. Ushahidi utawapatanisha. Dada amechungulia ukurasa huu na kuniita Dokta. Simjali.


Jumatatu, 8 Aprili

Gereji! Kwenye kituo cha basi la pili kuna mafundi wawili waliopakana. Mmoja anatengeneza Wajapani tu, mwenzake Wakorea tu. Nilishuka nikawahoji. (Ndiyo, nilichelewa. Nimefagia mpaka nyuma ya choo cha walimu.)

Fundi wa Wajapani alikuwa chini ya gari. Aliongea na viatu vyangu. Alisema nimwambie baba yangu anunue Mkorea, tena upesi. Yeye kila siku ya Mungu analala chini ya Mjapani, lakini tangu afungue gereji hii hajaletewa Mkorea hata mmoja. Nilishangilia kimoyomoyo. Ushahidi! Nikahamia kwa mwenzake. Huyu alinipa tairi nikalie. Akasema, sikiliza mwanangu, Mjapani. Wakorea wamemmaliza mgongo, na hajawahi kumwona Mjapani akivutwa kwa kamba kuingia kwake.

Jioni nzima nimekaa na jambo hili. Mafundi wote wawili ni wakweli, kila mmoja ameona kwa macho yake. Kwa hiyo hitimisho langu ni kwamba magari yote mawili hayaharibiki kamwe, na yote mawili yanaharibika kila siku. Kichwa kinaniuma.

Dada anasema labda Mjapani hapelekwi kwa fundi wa Wakorea kwa sababu ni Mjapani. Sikulitia maanani. Dada anasoma mchepuo wa sanaa.


Jumanne, 9 Aprili

Jedwali. Baba anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, kwa hiyo karatasi kubwa hatukosi. Niliweka safu ya bei ya kununua, mafuta, bima, spea, ujira wa fundi, na bei utakayopata ukiuza baada ya miaka kadhaa. Kila gari nikalipa alama. Mwalimu anatufundisha kuweka kitu cha tatu cha kulinganishia, kwa ajili ya haki. Nikaweka baiskeli.

Baiskeli imeshinda. Imeshinda karibu kila safu! Haili mafuta, haina bima, na spea zake kubwa ni kipande cha mpira na gundi.

Baba alilisoma jedwali safu kwa safu. Kisha akauliza kama napendekeza anipakie nyuma, na Mama akae kwenye usukani. Mjomba, aliyekuja kuchukua mwavuli wake tu, akasema hata hiyo baiskeli afadhali iwe ya Kikorea. Ugomvi ukalipuka upya. Mwavuli ukasahaulika tena. Jedwali langu sasa limeziba dirisha la jikoni, maandishi yakitazama nje. Jirani ameshauliza kwa nini bima iko juu hivyo.

Shuleni, rafiki yangu wa dawati moja aliuliza kama ukatibu utakuwa wake nikiondoka. Aliuliza kwa huruma sana. Muhuri wa klabu tayari ulikuwa mfukoni mwake.


Alhamisi, 11 Aprili

Utafiti umeshindwa. Nimehamia kwenye diplomasia.

Asubuhi nilimnong'oneza Baba kwamba Mjomba amekiri pembeni kuwa kwa kudumu hakuna kama Mjapani, ila anaona haya kusema. Mchana nikapita dukani kwa Mjomba, nikamnong'oneza kwamba Baba amekiri pembeni kuwa Mkorea ni gari la mtu mwenye akili, ila anaona haya kusema. Si uongo hasa. Ni matokeo yaliyoandikwa kabla ya jaribio.

Jioni Mjomba alifika anatabasamu. Baba akampa kiti kile kizuri. Nilikuwa jikoni nimefumba macho kwa furaha. Baba akaanza: shemeji, nimefikiri, tumchukue huyo Mkorea wako. Mjomba akasema, la hasha, shemeji, wewe ndiye mkubwa, tunamchukua Mjapani. Baba akasema hapana, nisikilize. Mjomba akasema hapana, nisikilize wewe. Baba akapandisha sauti kuhusu kiyoyozi. Mjomba akapiga meza kwa ajili ya spea. Kila mmoja alitumia maneno ya mwenzake neno kwa neno, hata bibi kizee alirudi, mara hii kwa mdomo wa Baba! Heshima imewaharibu kuliko ubishi.

Mjomba aliondoka bila kuaga.

Mama aliniita. Aliuliza jambo moja tu: "Umewaambia nini hawa?" Nikaosha vyombo vyote, pamoja na sufuria zilizokuwa safi.


Jumamosi, 13 Aprili

Jana Mama alikata shauri. Alisema wakubwa wameshindwa, na kwa kuwa shule ni ya mtoto, basi mtoto ndiye atakayemuuliza dalali wa magari, na gari litakalopata jibu la kuaminika ndilo litakalonunuliwa. Alisema swali moja. Si mahojiano.

Mimi! Sikuweza kunywa chai.

Uani kwa dalali kulikuwa na magari mawili ya bei yetu: Mkorea wa kijivu na Mjapani mweupe, mwenye umri wake. Dalali ni mnene, na miwani yake inakaa kichwani, haijawahi kushuka machoni. Nilikuwa na maswali ukurasa mzima. Nilikuwa nimeyachuja usiku kucha mpaka nikabaki na neno moja lililobeba yote, gharama, uimara, kila kitu. Nilisimama mbele ya Mkorea, mikono nyuma kama nilivyofunzwa, nikauliza kama linadumu.

Dalali alikuna shingo. Akasema hapana, binti, hilo hapana, hatanidanganya.

Mjomba alinywea. Nikasogea kwa Mjapani nikauliza vilevile. Dalali uso ukamng'aa. Akasema hilo ndiyo, tena mwenye gari alisisitiza mnunuzi ajue, hata safari ndefu vipi tusiwe na wasiwasi kabisa.

Baba alitazama juu kuzuia fahari isimtoke. Mjomba akasema kwa sauti kwamba hajawahi kuona dalali anayeponda bidhaa yake mwenyewe, na kwamba mtu mkweli namna hiyo anunuliwe pamoja na gari lake. Wakapeana mikono papo hapo. Wakamnunua Mjapani. Njia ya kurudi nyumbani ni mteremko mtupu, tuliteleza kama siagi. Mjomba alikaa mbele akipigapiga dashibodi kama anayesifu farasi. Mama alinishika mkono njia nzima.

Neno moja! Maabara yangu!


Jumatatu, 15 Aprili

Niliapa kuandika kila kitu. Basi.

Leo Baba alinipeleka. Kuelekea shuleni njia inapanda. Katikati ya kilima mshale wa joto ukapanda nasi, kisha ukatuacha nyuma. Mvuke ukatoka kwenye boneti kama birika. Baba akasimamisha gari, akaenda kufungua buti atafute vifaa.

Hakukuwa na vifaa. Kulikuwa na dumu. Dumu la manjano, kubwa, limejaa maji, limefungwa kwa kamba safi, na kikombe chake pembeni.

Baba alilitazama dumu. Akanitazama mimi. Akampigia dalali simu, akaiweka kwa sauti kubwa ili nami nifaidi. Dalali alishangaa kwa nini tunashangaa. "Si binti aliuliza kama lina dumu? Nikamwambia lina dumu!" Alieleza kwa utaratibu kwamba rejeta inavuja tangu zamani, mwenye gari hakuwahi kuishughulikia, kwa hiyo kila kilima ni kuongeza maji, na dumu ametuachia bure. Baba akauliza, na yule Mkorea? Dalali akasema yule hana dumu, la nini, rejeta yake nzima. Akaongeza kwamba katika kazi yake yote hajakutana na mtoto mwenye akili ya kuulizia dumu kabla ya kununua.

Baba alikata simu taratibu. Huo ndio ulioniumiza, ule utaratibu.

Nimelitamka neno hilo mbele ya kioo. Linadumu. Lina dumu. Hayana tofauti hata chembe. Mwalimu wa Kiswahili angefurahi. Mimi naomba ardhi ipasuke.

Tulifika wakati wa mapumziko. Mwalimu wa zamu alitazama viatu vyangu vilivyolowa, akanipa fagio, akafikiri, akaongeza na dekio.


Jumatano, 17 Aprili

Baba na Mjomba wamepatana. Nilichokitaka tangu mwanzo! Wamekaa nje juu ya matofali, dumu katikati yao, wanakubaliana kwa kila neno, na kila neno ni kuhusu mimi. Mjomba anasema mtoto amesomeshwa kupita kiasi. Baba anasema ndiyo, shemeji, lakini amesomeshwa upande mmoja.

Fundi wa Wajapani aliletewa gari. Alituma salamu kwamba alinionya.

Rejeta mpya itangoja. Vioo vya madirisha vinatangulia, maana mvua haiulizi mtafiti. Gari litatumika kwenda sokoni tu, ambako hakuna kilima. Kwa hiyo hukumu imebaki: muhula ujao, nyuma ya ukuta. Baba hakuisema kwa hasira. Alisema shule ni mwanafunzi, si jengo. Nilimjibu ndiyo, Baba. Kisha nikaenda chumbani nikamfikiria yule mbuzi wa kabatini, ambaye huenda naye alikuja pale akiwa na matumaini.

Kesho nitamkabidhi rafiki yangu ufunguo wa kabati la kemikali.


Alhamisi, 18 Aprili

Nimemkabidhi. Alikuwa ameshachonga wake.

Nililia kwenye basi la kwanza, na kidogo kwenye la pili. Kondakta alinirudishia nauli yangu. Nikazidi kulia.


Ijumaa, 19 Aprili

Siamini!

Shangazi, dada mkubwa wa Baba, amepiga simu. Anakaa mtaa wa nyuma ya shule yangu. Chumba chake cha uani kilikuwa na mpangaji. Mpangaji amehama juzi. Mama alikuwa amemsimulia yote kimyakimya. Shangazi akatangaza kwamba siku za masomo mtoto atakaa kwake, na wikiendi atarudi nyumbani, na kwamba hajapiga kuomba ruhusa. Baba alizungumza naye akiwa amesimama wima. Alisema ndiyo, dada. Ndiyo, dada. Hapana, dada, hakuna aliyefikiria kumhamisha.

Nitabaki shuleni kwangu! Nitaomba tena ukatibu, kwa adabu, na muhuri.

Kuna sharti moja. Shangazi amesema nisikanyage gereji yoyote, na nisilinganishe magari ya mtu yeyote, kwa mdomo wala kwa jedwali, maadamu nakula kwake. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Dada anasema basi sasa nimepona. Kwa mara ya kwanza nakubaliana naye. Yamenifika shingoni. Nimeona mwenyewe udadisi unavyoweza kugeuza familia njema kuwa wabeba maji.

Mama atakwenda kwa Shangazi kesho asubuhi na kurudi jioni. Nimempa barua ampelekee. Nainakili hapa, maana niliapa:

"Shangazi yangu mpendwa, shikamoo. Sina maneno ya kukushukuru. Sharti lako nimelipokea kwa moyo wote, na kuhusu magari hutanisikia nikifungua mdomo. Mama ameniambia kwamba Jumapili utamtuma jirani yako mwenye pikipiki aje anichukue pamoja na sanduku langu. Nakuomba unijibu jambo moja dogo kwa mkono wa Mama, kesho hiyo hiyo, kabla sijafunga sanduku: hiyo pikipiki ni ya Kihindi au ya Kichina?"