Nyota Inayokufa kwa Dakika Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Nimeleta spika kubwa saluni. Nikapiga wimbo wa roki ya metali nzito kuhusu nyota inayokufa. Dakika kumi na tisa! Magitaa yananguruma, ngoma zinatwanga, halafu ghafla kimya, mtu anaelea peke yake gizani. Nywele zilinisimama, mimi ninayekata za wenzangu. Mkasi, kinyozi mwenzangu wa kiti cha pili, aliuliza kama kuna kitu kinaungua. Mtu wa nyimbo za mapenzi, atajua nini?

Jumanne, 4 Machi
Mpango! Jumamosi baba wa mchumba wangu anatoa jibu la posa. Ijumaa anakuja kunyolewa. Nitampendekezea ile nyota. Aliyeusikia ulimwengu ulivyo mkubwa hawezi kumbania mtu binti. Mchumba amenisihi nimnyoe baba yake tu, mdomo nifunge. Hajui mikakati.

Jumatano, 5 Machi
Majaribio. Mwalimu mstaafu wa jirani alisikiliza shimo jeusi likimeza sayari saba, akaanza kutikisa kichwa. Nikadhani anakataa. Kumbe anafuata ngoma! Mashine ikamchonga barabara ya upara kisogoni. Hakuona, akaomba wimbo urudiwe. Mkasi akasema wateja wangu wafungwe mikanda. Wivu unamsumbua.

Ijumaa, 7 Machi
Baba mkwe amekuja. Anataka masharubu yapunguzwe kidogo tu. Ameyafuga miaka thelathini. Nikabonyeza spika. Dakika ya kumi na nne nyota ikapasuka. Jamani! Mzee machozi yanamtoka. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hakujua mbingu zina nafasi yote hiyo. Tukatazama dari, yeye na mimi, na hata Mkasi. Nilijiona mdogo kama chembe, na nilifurahi mno. Mashine inanguruma mkononi, nimeisahau. Mzee akatikisa kichwa mara moja.
Nusu ya masharubu sakafuni.

Jumamosi, 8 Machi
Jibu limekuja. Mzee amekubali posa! Ila harusi mpaka masharubu yarudi yalivyokuwa. Mchumba amepiga hesabu, amelia, hapokei simu yangu. Ameniachia ujumbe niape sitaigusa tena ile spika.
Lakini mzee mwenyewe ameuliza kama nina wimbo mwingine. Unaona? Jumatatu anakuja nimpunguze nyusi. Nimemchagulia wa dakika thelathini na moja. Nyota mbili zinagongana.