Kisu cha Baba na Tabia Tano za Furaha

Jumamosi, 20 Desemba 2025

Nimefika nyumbani kwetu Akheri saa nne. Mama ameitikia shikamoo yangu, kisha hukumu, hata kiti sijapewa. Krismasi iliyopita nilinuna siku nne mfululizo, wageni wakadhani tuna msiba. Nikinuna tena mwaka huu, kisu cha Baba anapewa Stanley.

Kisu cha Baba! Mwenye kisu ndiye anayechinja mbuzi wa Krismasi na kugawa nyama mbele ya ukoo. Mkubwa ni mimi, Kaanaeli. Stanley ni mdogo wangu, na huimba hata akipiga mswaki. Sikubali.

Bahati nzuri nimejiandaa. Wiki jana, kibandani kwangu Kaloleni, nilikuwa natengeneza redio ya mteja, mtaalamu akawa anataja tabia tano za kila siku za kuchangamsha moyo wakati wa sikukuu. Ota jua la asubuhi. Tembea nusu saa. Andika jambo la kushukuru. Msaidie mtu. Redio ikazimika kabla ya tabia ya tano. Hiyo nimejitungia: punguza furaha ya Stanley. Ukikaa karibu na mtu aliyenuna, hata wewe unaonekana umechangamka. Sayansi hiyo.

Jumapili, 21 Desemba

Jua la asubuhi: migomba imelizuia lote. Penye jua ni mbele ya zizi tu, na Stanley ameshaweka kigoda hapo, anakunywa kahawa. Nikamwambia Stanley kwamba Mama anataka majani ya ng'ombe sasa hivi. Uongo mtupu. Akaenda. Nikakalia kigoda chake, nikajisikia mtu mpya. Dakika kumi! Akarudi na mzigo kichwani, anaimba, Mama akambariki mbele ya majirani waliokuwa wakienda ibada ya kwanza. Mimi nikaulizwa kwa nini nimekaa tu.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka. Mzee wa kanisa, Solomoni, akanyanyua jogoo mwekundu. Stanley akataja bei. Nikaongeza. Akaongeza. Mpango wangu: alipe sana, anune. Tulipofika bei ya mbuzi, Stanley akanipongeza kwa moyo wangu wa utoaji, akaniachia jogoo. Usharika mzima ukanipigia makofi. Nina jogoo, nauli ya kurudi sina.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimetembea nusu saa, mpaka barabara kuu na kurudi. Kila niliyekutana naye aliniuliza habari za jogoo.

Jambo la kushukuru: jogoo ana sauti. Jioni nimemfunga chini ya dirisha la Stanley. Mtu asiyelala haimbi.

Jumanne, 23 Desemba

Jogoo alianza saa kumi na moja kasoro robo. Aliyetoka na fimbo ni Mama! Kumbe Stanley alimwachia chumba chake tangu siku ya kwanza, kwa sababu godoro la pale halimuumizi mgongo. Yeye analala stoo, juu ya magunia ya mahindi, na anasema amelala vizuri sana. Nikaona aibu. Aibu ya kweli, mpaka wakati wa chai.

Mama akauliza nani alimfunga jogoo pale. Nikasema labda Stanley. Na Stanley akaomba radhi! Eti huenda alimfunga akasahau. Mtu wa aina hii utamfanyaje?

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Ukoo umejaa uani. Nimetabasamu tangu alfajiri, mashavu yanauma. Haikusaidia. Mama akatoka na kisu, akampa Stanley.

Nimekitaka kisu kile tangu siku tuliyomzika Baba. Nilitaka tu kushika pale alipokuwa anashika yeye. Stanley akakipokea kwa mikono miwili, akanigeukia, akasema mbele ya wote kwamba kaka yupo, hawezi kumpita kaka. Akanikabidhi.

Nililia. Baba wadogo walilia. Nikachinja vizuri, kidari nikampa Mama, mbavu nikawagawia baba wadogo. Ndipo nikashtuka: huyu amenipa kisu ili aonekane mwema kuliko mimi! Ilikuwa imebaki zamu yake. Nikamkatia kwato.

Mama akaninyang'anya kisu, akampa Stanley. Kitu cha kwanza alichokata ni paja, akaliweka kwenye sahani yangu.

Ijumaa, 26 Desemba

Paja lilikuwa tamu. Kisu kinabaki kwa Stanley mpaka Mama atakaposema vingine.

Nimekaa chini nikajichunguza kwa uaminifu wote, na kosa langu nimeliona. Nilichelewa kuanza. Furaha ya Stanley imeota mizizi, siku tano haziwezi kuing'oa.

Kwa kuwa sina nauli, Stanley amejitolea kunirudisha Kaloleni kwa gari lake. Nimeshatoa upepo kwenye tairi la nyuma. Tunaondoka saa nane, mimi na yeye tu.