Korongo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 18 Machi

Ushindi! Au tuseme karibu na ushindi. Kamera niliyofunga kwenye paa la ghala inatazama kiota cha korongo juu ya nguzo ya umeme, na picha zinafika hadi kwenye televisheni ya Mama Mkwe Penka, chumbani kwake. Kila baada ya sekunde chache, picha mpya. Programu ya nyongeza ya kisanduku cha kuonyeshea filamu, kilichounganishwa na televisheni, nimeitunga mwenyewe. Uzee wangu na bado kichwa kinafanya kazi!

Si mchezo. Mama Mkwe alivunjika nyonga majira ya baridi. Daktari anasema mfupa umeunga, atembee. Yeye anasema ataamua korongo. Imani ya huku kwetu: ukimwona korongo wa kwanza wa mwaka akiruka, mwaka wako ni wa miguu myepesi. Ukimwona amesimama, kwisha habari yako, utakaa. Mpaka amwone havui martenitsa, uzi mwekundu na mweupe wa mkononi, wala hashuki kitandani. Nimemwahidi anayeruka.

Kasoro moja. Picha ikibadilika, kioo cha televisheni kinakuwa cheusi kwa kitambo kidogo. Mama Mkwe kauliza: je, korongo akiruka wakati wa giza hilo? Nikaendelea kula supu yangu ya maharagwe.

Jumanne, 19 Machi

Nimefanya picha iyeyuke polepole ndani ya inayofuata. Utaalamu mtupu! Bahati mbaya kunguru alitua kiotani, akaondoka, na kwenye kioo akafifia taratibu kama roho inayoaga dunia. Mama Mkwe akapiga ishara ya msalaba, akaomba mshumaa. Mke wangu Snezhana kasema nikimuua mama yake nitajipikia mwenyewe.

Jirani Tsanko, ambaye hajaalikwa, kachungulia mlangoni. Kasema, "Lyuben bwana, kiota kipo nje pale, bure, na hakizimiki." Wivu.

Alhamisi, 21 Machi

Nimeweza! Siri ni hii: picha mpya inachukua jina lile lile la picha ya zamani, inakaa palepale pake. Tangu asubuhi kioo hakijapepesa hata mara moja. Laini kama mtindi. Kiota kitupu, anga la buluu. Mama Mkwe kasema, "Mkwe wangu, leo macho yamepumzika." Nilikaribia kulia.

Nikamwita Tsanko aje aone aibu yake. Akatazama sana. Akauliza mbona nje mvua inanyesha na humu kuna jua. Nikamwambia kamera nzuri huona mbali kuliko macho.

Ijumaa, 22 Machi

Balaa! Tsanko kaja bila uzi mkononi. Martenitsa yake keshaifunga kwenye mti wa plamu, kama desturi ya aliyekwisha kumwona korongo. Eti korongo kafika tangu jana. Nikamwonyesha kioo: kiota kitupu, anga la buluu. Bisha sasa! Ndipo tukasikia mdomo wa korongo ukigonga huko nje: tak-tak-tak-tak.

Mama Mkwe akauliza, "Lyuben mwanangu, anayegonga ni nani?" Nikasema bomba la maji la Tsanko. Tsanko akasema bomba lake halina mdomo.

Mama Mkwe akatupa blanketi. Akanyakua fimbo. Akasema tubaki na kioo chetu, akaondoka kwa miguu yake mwenyewe hadi dirisha la jikoni, mkono mmoja umefunika macho. Akamwuliza Snezhana: amesimama au anaruka? Snezhana, mikono imejaa unga, akajibu kwa sauti ndogo kwamba amesimama.

Mama Mkwe hakutoa mkono machoni. Akapiga fremu ya dirisha kwa fimbo kama anayefukuza mbuzi bustanini: "Ruka, mvivu we! Umetoka Afrika kuja kusimama?" Akapiga, akapiga, hadi Snezhana akapiga kelele, "Karuka, mama!" Ndipo akafumbua macho.

Nasikia korongo alikuwa mzuri alivyoruka. Mimi nilikuwa nyuma ya televisheni, nakagua nyaya. Kumbe kisanduku kikiona jina ni lile lile, hakihangaiki kwenda kuchukua picha nyingine. Tumetazama picha ile ile ya Alhamisi asubuhi siku mbili.

Jumapili, 24 Machi

Mama Mkwe yuko uani, anagombana na kuku wa Tsanko. Snezhana kasema sasa nirudishe kisanduku kabatini. Nikamwuliza: nani amemwinua mgonjwa? Programu yangu! Ingefanya kazi vizuri, mama yake angekuwa bado kitandani. Akarudi kwenye unga wake.

Na dawa nimeshaipata: picha mbili, moja nyuma ya nyingine. Ya nyuma ikiwa tayari, ya mbele inajiondoa. Kijiji kizima ni mimi tu mwenye uzi mkononi, lakini sina haraka. Korongo wangu nataka nimwone vizuri, bila kupepesa.

Mama Mkwe ananiita. Anasema nitoke upesi, korongo anazunguka juu ya paa letu, chini kabisa, hata miguu yake myekundu inaonekana. Nimemjibu angoje kidogo. Jua linapiga kioo, picha haionekani sawasawa.

Nimefunga pazia.