Dakika Tatu za Gaudensia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Gaudensia, mwanamke mzima huna haya! Umesimama mbele ya jumuiya nzima ukasema mimi Apolinaria siifai kompyuta ya jumuiya. Mimi! Niliyeitunza miaka miwili kabatini, nikaifunika kitambaa nilichofuma kwa mikono yangu. Mende hajaikanyaga. Sasa Jumamosi watapiga kura nani aitunze, mimi au yeye. Mtunzaji ndiye anayeonyesha video kwenye harusi na arobaini, anakaa kiti cha mbele. Wengine huko nyuma, wanakula moshi wa kuni.
Ugomvi wenyewe: programu ya video tuliyonayo ni ya bure, huria, kila mtu ruksa kuichokonoa. Gaudensia anataka kila mtumiaji ajibonyezee mwenyewe sauti na ukubwa wa picha, kila siku upya. Eti uhuru. Uhuru gani? Wakwe zangu wanne niliwaambia mara moja tu chumvi kiasi gani. Sikurudia!

Jumanne, 10 Juni
Nimekwenda mtaa wa Kanyenye, kwa Minza, fundi wa kompyuta. Ameniamkia kwa adabu, nikamwitikia, nikamwambia shida yangu. Akanionyesha maajabu. Kuna faili la mipangilio, maandishi matupu. Unaandika mistari yako humo: sauti iwe juu, picha ijaze ukuta. Kila ukifungua video, programu inasoma faili kwanza, inatii. Hainuni. Haiendi kushtaki kwa mumewe. Miaka sabini na moja natafuta kiumbe wa namna hiyo!
Minza akaonya kwamba kilichomo kwenye faili kinazishika video zote, si moja, kwa hiyo niandike machache. Nikamjibu nimelea watoto tisa, asinifundishe kutoa amri.

Jumatano, 11 Juni
Mpango. Kabla ya kura Jumamosi itaonyeshwa video ya kwaya. Dakika tatu za mwanzo ni Gaudensia peke yake, anaongoza wimbo, mdomo wazi kama mlango wa ghala. Watu wakiona vile nimekwisha. Dakika ya tatu naingia mimi na kayamba langu.
Basi nimeongeza mstari kwenye faili: anzia dakika ya tatu. Nimeandika kwa kidole kimoja, tangu baada ya uji mpaka adhuhuri. Nimejaribu. Gaudensia hayumo! Kama hakuzaliwa.

Alhamisi, 12 Juni
Aibu.
Arobaini ya Mzee Raymundi, mtaa wa Ng'ambo. Mjane wake, Dafrosa, ana video ambayo mzee alijirekodi akiwa mgonjwa, kuaga. Hakuitazama hata mara moja. Aliiweka siku arobaini zote, aisikie pamoja na ndugu. Nikakaa kiti cha mbele, nikabonyeza. Ukuta mweusi. Nikabonyeza tena. Mweusi. Nikaipuliza kompyuta, nikaipiga kofi, nikasingizia umeme, na taa zinawaka.
Kila msiba una watani wake. Akainuka Nikolaus, Mgogo, mtani wetu tangu babu zao na babu zetu walipogombania maji safarini wakienda pwani na mizigo. Akatangaza kwamba marehemu alikuwa anakuja vizuri, akachungulia, akamwona Apolinaria kakaa mbele, akarudi alikotoka. Wafiwa wenyewe wakacheka. Padri akajifanya anakohoa.
Dafrosa hakucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo kama maneno ya mumewe yamefutika.
Nikasema nitaangalia.

Ijumaa, 13 Juni
Minza kanivua nguo. Ameniuliza: video ya mzee ina dakika mbili, nimeiamuru ianzie dakika ya tatu, ianzie wapi, mbinguni? Akaufuta ule mstari. Mzee Raymundi akatokea, kakonda, anaagiza wafunge banda la kuku mapema, na anamwita Dafrosa mama yangu.
Nikampelekea Dafrosa. Kaisikiliza mara nne, mkono juu ya kioo. Minza alitaka nikiri. Nikamwambia Dafrosa kwamba jana kompyuta ilizidiwa na majonzi. Akaniangalia tu. Macho gani yale! Nikaaga haraka.
Nilipofika nyumbani nikaurudisha mstari wangu. Kesho ni kura, na kesho hakuna maiti.

Jumamosi, 14 Juni
Anton, mwalimu wa kwaya, ana laana. Nani alimtuma? Ameleta video mpya, kaipanga upya bila kuniambia. Eti kwa heshima ya umri wangu, dakika tatu za mwanzo zote kaniweka mimi na kayamba. Mimi peke yangu!
Faili likatii. Likaruka moja kwa moja hadi dakika ya tatu. Mdomo wazi, ukuta mzima, sauti ya juu kabisa: Gaudensia. Nilipiga kelele warudishe nyuma. Anton akaja kutazama kulikoni, akalifungua faili, akausoma ule mstari mbele ya wote. Dafrosa alikuwa safu ya pili. Akasema pole pole, kumbe ndiyo yale majonzi ya kompyuta.
Mikono yote juu kwa Gaudensia. Yangu chini. Na yule mwanamke hata hakunicheka! Akasema faili si baya, libaki, lakini kila mstari usomwe hadharani na watu wakubali, kwa sababu kibaya ni amri ya kufichwa. Wakampigia makofi. Kitambaa changu nimeondoka nacho.

Jumapili, 15 Juni
Nimelijua kosa langu! Kosa ni kuandika kwenye faili, mahali ambapo kila Anton anafungua na kusoma. Minza aliwahi kuniambia kwamba hata watengenezaji wa programu wanabishana, mipangilio ya mwanzo ikae kwenye faili au ishonewe ndani ya programu yenyewe, na kwamba yeyote ruksa kuwapelekea pendekezo. Ishonewe ndani! Video zote, dunia nzima, zianzie dakika ya tatu. Tuone Gaudensia atamwita nani kupiga kura.
Minza, kesho asubuhi usifungue meza yako. Njoo hapa kwanza, uwaandikie hao watu kwa Kizungu, uwape mpaka Ijumaa wawe wamemaliza, na jina langu uliandike kwa herufi kubwa.